Kubashiri wikendi nzima ya NRL: kutoka orodha ya Jumanne hadi mechi ya mwisho Jumapili

Alhamisi saa 6:50 mchana, wengi wetu Dar es Salaam na Nairobi tukiwa tunasubiri sahani ya wali maharage, Sydney ni usiku na filimbi ya kwanza ya raundi inapulizwa. Hapo ndipo watu wengi huanza kujiuliza nani atashinda. Wamechelewa. Utabiri wa raga ya ligi hupikwa kuanzia Jumatatu, na ikifika Alhamisi mchana kazi iliyobaki ni ndogo sana.

Mwongozo huu unahusu NRL, ligi kuu ya Australia na New Zealand, kwa sababu ndiyo ninayoifuatilia na ndiyo inayokuja kwa saa nzuri kwetu. Jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: andika namba yako kabla hujaona namba ya mtu mwingine.

Mchezo wenyewe, kwa haraka

Kama umezoea raga ya wachezaji 15, ile ya akina Simbas na Kenya Cup, sahau mambo mengi. Hii ni ya wachezaji 13, uzao wa mgawanyiko wa mwaka 1895 pale Huddersfield, Uingereza, vilabu vya kaskazini vilipojitenga. Hakuna kugombea mpira chini baada ya mtu kukabwa. Timu yenye mpira inakabwa mara 6, kisha inaukabidhi kwa mwenzake. Kwa hiyo karibu kila mara kwenye kukabwa kwa tano mpira unapigwa teke, ama kusukuma wapinzani mbali, ama kutafuta trai, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani.

Trai ni pointi 4, mkwaju baada ya trai ni 2, penalti ni 2. Teke la kudondosha (mpira unadundishwa chini kisha unapigwa katikati ya milingoti mchezo ukiendelea) ni pointi 1, na tangu 2021 likipigwa kutoka zaidi ya mita 40 ni 2. Dakika 80. Timu zikitoka sare zinaongezwa dakika 10 za pointi ya dhahabu, anayefunga kwanza ameshinda.

Ukiyashika hayo umeshaelewa kinachoamua mechi nyingi: nani anamaliza seti zake (seti moja ni hizo kukabwa mara 6) bila kuudondosha mpira, na nani anapiga teke zuri mwishoni. Mbwembwe za mawinga zinapendeza kwenye vipande vya video, lakini winga hupokea kilichoandaliwa na wengine.

Jumatatu: usiuamini msimamo wa ligi

Tangu 2023 timu ni 17, hivyo raundi kamili ina mechi 8 na timu moja inapumzika. (Perth imepangwa kuingia 2027 na Papua New Guinea 2028, hesabu hii itabadilika.) Timu iliyopumzika inapewa pointi 2 za bure, sawasawa na iliyotoka jasho ikashinda. Hapo ndipo msimamo unapodanganya.

Chukua timu mbili zenye pointi 16 baada ya raundi 11. Ya kwanza imepumzika mara mbili, kwa hiyo pointi 4 ni zawadi, na imeshinda mechi 6 kati ya 9. Ya pili haijapumzika, imeshinda 8 kati ya 11. Msimamo unaziweka bega kwa bega. Mimi naziona tofauti, na bado sijauliza zimecheza na nani.

Kwa hiyo Jumatatu chora safu tatu kwenye daftari: mechi zilizochezwa kweli, wastani wa tofauti ya pointi kwa kila mechi, na nguvu ya wapinzani. Tofauti ya pointi inasema ukweli kuliko idadi ya ushindi. Timu iliyoshinda mechi nne kwa pointi 2 kila moja na kupoteza mbili kwa pointi 30 iko 4–2, na kwangu hiyo ni timu mbovu yenye bahati nzuri.

Mfano mkubwa ni mabingwa wa 2025. Brisbane Broncos walimaliza msimu wa kawaida nafasi ya nne. Kwenye mtoano waliishinda Canberra Raiders, vinara wa msimu, 29–28 kwa pointi ya dhahabu. Nusu fainali waliifunga Penrith Panthers 16–14 baada ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma 14–0. Fainali walikuwa nyuma 22–12 dhidi ya Melbourne Storm, wakashinda 26–22. Jumlisha: ubingwa mzima umepatikana kwa mechi tatu zenye tofauti ya pointi 1, 2 na 4. Saba tu. Mashabiki wao watakwambia ni roho ya ushindi. Sikatai kwamba dakika za lala salama walikuwa hatari, ila anayebashiri asiihesabu roho hiyo kama mtaji wa kudumu. Mechi ya pointi 1 ingeweza kwenda kokote.

Panthers haohao, mabingwa wa miaka minne mfululizo 2021 hadi 2024, walikuwa mkiani mwa ligi mwishoni mwa Mei 2025. Kisha wakashinda mechi 9 mfululizo. Aliyesoma msimamo peke yake aliumia wiki baada ya wiki. Aliyekumbuka kwamba Nathan Cleary, mwongoza mchezo wao, na wenzake bado wapo uwanjani hakushtuka.

Jumanne saa 3 asubuhi: orodha

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo chai iwe karibu. Jumanne saa 10 jioni ya Sydney, sawa na saa 3 asubuhi kwetu wakati wa majira yao ya baridi, vilabu vinatangaza vikosi vya raundi inayokuja. Jezi zinaonyesha nafasi: 1 ni beki wa mwisho, 2 na 5 mawinga, 3 na 4 mabeki wa kati, 6 na 7 waongoza mchezo, 8 na 10 majabali wa mbele, 9 anayeutoa mpira baada ya kila kukabwa, 11 na 12 washambuliaji wa pembeni, 13 kiungo wa mbele. Wanaofuata ni benchi na akiba.

Soma kwa mpangilio huu, siyo kuanzia juu kwenda chini:

1. Namba 7, 9, 6 na 1. Waaustralia wenyewe huwaita uti wa mgongo. Hawa wanne wanagusa mpira karibu kila seti. Akikosekana mmoja, hasa 7, shusha makadirio yako ya timu bila huruma. Wakikosekana wawili, sahau matokeo ya mwezi uliopita, hiyo ni timu nyingine.
2. Kisha 8, 10 na 13. Hawa hawaimbwi, lakini mita zao za mwanzo ndizo zinazompa namba 7 nafasi ya kupiga teke akiwa wima badala ya kulipiga akikimbizwa.
3. Benchi. Mabadilishano ni 8 tu kwa mechi. Benchi lenye vijana wawili wasio na uzoefu huigharimu timu kuanzia dakika ya 55.
4. Mawinga na mabeki wa kati mwishoni. Naam, hata kama mmoja wao ndiye mfungaji bora wa ligi.

Sasa mitego. Wa kwanza ni mshtuko wa ubongo. Tangu 2023 mchezaji aliyebainika kupata mshtuko hukaa nje siku 11, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Chukua kalenda uhesabu kwa vidole: aliyeumia Jumamosi, timu yake ikicheza Ijumaa inayofuata, siku ni 6, hayupo. Mechi ya wiki ya pili, Jumamosi, siku ni 14, anaweza kurudi. Hesabu hiyo unaweza kuifanya Jumapili jioni, siku mbili kabla orodha haijatoka.

Mtego wa pili ni mashtaka. Kamati ya kupitia mechi hufungulia watu mashtaka baada ya kila mechi, na wanaoyapinga husikilizwa kwa kawaida Jumanne usiku. Maana yake jina linaweza kuwa kwenye orodha ya asubuhi na mwenye jina akawa amefungiwa kabla hujalala. Jumatano asubuhi rudi ukaangalie.

Wa tatu ni ujanja wa makocha. Orodha ya Jumanne hupunguzwa saa 24 kabla ya mechi, na kikosi cha mwisho hutoka saa moja kabla. Kocha akimtaja majeruhi kwenye jezi 7 na kumweka kijana asiyejulikana kwenye akiba huku kijana huyohuyo ndiye aliyefanya mazoezi ya uongozaji wiki nzima, unajua anachokificha.

Msimu mmoja nilituma utabiri wangu kwa kundi la marafiki Alhamisi asubuhi nikiwa kwenye daladala, nikajiona mjanja kwa kuwahi. Saa moja kabla ya mechi namba 7 wa timu niliyoipa asilimia 72 akaondolewa. Walichapwa. Siku hizi ninatuma mara mbili: rasimu Jumatano, ya mwisho ikibaki nusu saa.

Jumatano: siku, safari na hewa

Raundi huanza Alhamisi na kuisha Jumapili, kwa hiyo timu moja inaweza kuwa na siku 5 za kupumzika na mpinzani wake 8. Tofauti ya siku tatu au zaidi naihesabu. Ya siku moja naipuuza.

Safari ina uzito pale tu inapokuwa ndefu: New Zealand Warriors kutoka Auckland wakienda Townsville, au timu ya Sydney ikivuka bahari kuwafuata. Vilabu vya Sydney vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe, mgeni wakati mwingine anasafiri kwa basi dakika 40, na uwenyeji hapo ni rangi ya viti. Sikiliza pia kama mechi imehamishwa. Klabu za Sydney huuza baadhi ya mechi zao za nyumbani kwa miji ya mikoani, na kwenye msimamo inaandikwa "nyumbani" wakati wenyeji nao wamelala hotelini. Mwezi Mei kuna Magic Round, mechi zote 8 zinachezwa Suncorp Stadium, Brisbane. Wikendi hiyo nafuta faida ya nyumbani kwa kila mtu isipokuwa timu za Brisbane.

Hali ya hewa: mvua Sydney, baridi kali Canberra usiku, umande na joto la unyevu kule Townsville. Mpira ukiteleza seti hazimaliziki, pointi zinapungua, na tofauti inabana. Hiyo inamsaidia mnyonge, ila inamsaidia zaidi mwenye namba 7 anayejua kupiga teke refu.

Wiki za Origin, ambazo zina kanuni zake

Kati ya mwisho wa Mei na Julai kuna mechi tatu za State of Origin, majimbo ya New South Wales na Queensland yakikutana, mashindano yaliyoanza 1980. Ligi haisimami kabisa. Timu inayotoa wachezaji watano au sita kwa Origin hucheza raundi hiyo na watoto, na ile isiyotoa mtu inakuja kamili. Hapo ndipo timu ya nafasi ya 13 inamtandika kinara na dunia nzima inashangaa isipokuwa wewe uliyesoma orodha.

Kinachosahaulika ni siku za baada yake. Aliyecheza Origin Jumatano usiku, akarudishwa uwanjani Ijumaa au Jumamosi, ana miguu ya kuazima. Makocha wengine humpumzisha, wengine humweka benchi. Kikosi cha mwisho saa moja kabla kina thamani maradufu wiki hizo.

Alhamisi asubuhi: toa namba

Chukua daftari. Nakupa mechi ya kubuni nikuonyeshe ninavyofanya. Timu A, mwenyeji, ina wastani wa +7 kwa mechi katika mechi zake 8 za mwisho. Timu B ina −1. Tofauti ni 8. Mechi 8 ni chache na bahati imo ndani, kwa hiyo napunguza theluthi moja hivi: nabaki na 5. Nyumbani naongeza 3, inakuwa 8. Namba 7 wa A hayupo, natoa 5, inabaki 3. A ana siku 5 za kupumzika na B ana 8, natoa 1. Mwisho: A kwa pointi 2.

Sasa geuza pointi kuwa asilimia. Kwenye daftari langu pointi 2 ni kama asilimia 55, pointi 6 ni 65, pointi 12 ni 77, na pointi 18 ni 87. Hayo ni makadirio yangu niliyoyazoea, na ukiweka kumbukumbu miaka miwili utapata yako. Angalia tu kwamba hata pointi 12 haifiki 80. Mchezo huu una kadi za njano za dakika 10, mipira inayogonga mguu wa mtu ikamrudia adui, na majeruhi wa dakika ya tatu. Anayekupa asilimia 95 anakuuzia kitu.

Mwanzo wa msimu huna mechi 8 za kupimia. Tumia msimu uliopita, upunguze kwa nusu, halafu angalia nani kahama. Na raundi ya kwanza mpe Melbourne Storm heshima yake: chini ya Craig Bellamy, aliyeanza kuwafundisha 2003, hadi msimu wa 2025 hawakuwahi kupoteza mechi ya ufunguzi. Sipendi takwimu za namna hiyo, nyingi ni bahati iliyopangwa foleni. Hii nimeshindwa kuidharau.

Ndipo ufungue odi

Hata kama hubeti, odi, yaani bei za kampuni za kubeti, ni maoni ya watu wanaolipwa kutokosea, zisome. Mkeka unaonyesha A 1.60 na B 2.40. Gawa 1 kwa kila odi: 1 ÷ 1.60 ni asilimia 62.5, 1 ÷ 2.40 ni 41.7. Jumla 104.2. Hizo 4.2 za juu ni kilemba cha kampuni. Gawa 62.5 kwa 104.2, unapata soko linampa A asilimia 60. Wewe ulisema 55. Tofauti ya 5 ni ya kawaida, acha namba yako. Ikiwa tofauti inazidi 10, rudi kwenye orodha kabla hujajipongeza. Mara nyingi utakuta kuna jeruhi uliyemruka.

Sasa unaona kwa nini ulitakiwa kuandika kwanza. Ukiiona 60 mapema, akili itatafuta sababu za kuifikia 60, na utaamini umeifikia mwenyewe.

Kuhusu kuunganisha mechi zote 8 kwenye mkeka mmoja: ukiwa sahihi kwa asilimia 65 kila mechi, na hiyo ni kazi nzuri, uwezekano wa kupata zote 8 ni takriban asilimia 3. Ndiyo maana mikeka inachanika.

Kuyaandika ili mtu asome

Uhakiki wa mechi moja hauhitaji kurasa. Jibu maswali mawili: mechi itashindwa wapi, na nini kingenifanya nibadili mawazo. Halafu weka namba. Kitu kama hiki:

"A wanaongoza kwa mita za mbele, lakini bila namba 7 wao teke la tano linapigwa na kijana wa mechi nne. B watamrushia mipira beki wao wa mwisho nyuma ya mgongo wa kijana huyo usiku kucha. Mvua ikinyesha nageuka. A kwa 2, asilimia 55."

Hakuna "mechi ya kukata na shoka", hakuna historia ya timu tangu kuzaliwa. Na usiogope kuandika 52 pale unapoona 52. Wasomaji wanataka mshindi kwa sauti kubwa, lakini ukiwapa 80 ya uongo watakumbuka.

Ukitaka mfano wa kwa nini neno "hakika" halina kazi, tafuta fainali ya 2023. Ezra Mam wa Broncos amefunga trai tatu, ubao unasoma 24–8, zimebaki kama dakika 20. Jarome Luai wa Panthers katoka akiwa ameumia bega. Moses Leota anafunga, 24–14. Kisha Cleary anasimama nyuma ya mstari wake wa mita 40, anapiga mpira unaodunda na kutoka nje ndani ya mita 20 za Broncos, na kwa sheria ya 40/20 mpira unarudi kwa Panthers. Stephen Crichton, trai. Dakika zikiwa zinayoyoma Cleary mwenyewe anapita, anafunga, anapiga mkwaju. 26–24. Ungemuuliza mtu yeyote dakika ya 60 angekupa asilimia ngapi?

Jumapili, kabla ya saa 5 asubuhi

Mechi ya mwisho kwa kawaida huanza saa 3:05 asubuhi kwetu na kuisha kabla ya saa 5. (Wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili na tena kuanzia ile ya kwanza ya Oktoba, kila kitu kinatangulia saa moja.) Siku yote bado ni yako, tumia dakika kumi kujipima.

Usihesabu tu "nimepata 5 kati ya 8". Kwa kila mechi chukua asilimia uliyompa mshindi halisi, itoe kwenye 1, zidisha jibu kwa lenyewe. Ulimpa mshindi 0.70: 0.30 × 0.30 ni 0.09. Ulimpa 0.30 na akashinda: 0.70 × 0.70 ni 0.49. Jumlisha zote 8, gawa kwa 8. Anayejibu 0.50 kila mechi anapata 0.25 bila kusoma chochote. Ukiwa juu ya hapo kwa wiki sita mfululizo, unajiamini kupita kiasi. Punguza asilimia zako kuelekea katikati kabla hujagusa kingine chochote.

Pembeni ya kila mechi uliyokosa andika neno moja: orodha, mvua, bahati, au moyo. Moyo ni pale ulipoipa timu yako asilimia 60 isiyostahili. Daftari langu lina moyo mwingi kuliko ninavyopenda kukiri, na karibu wote uko kwenye mechi za Warriors.